Mwamba wa Dhahabu, Mwamba wa Samaki

Kama unaishi Mbangala, au umewahi kupita huko kwenda machimboni, neno "mwamba" halikuletei bahari kichwani. Mwamba ni jiwe. Ni ule mkanda mgumu unaoshuka chini ya ardhi, ambao mchimbaji anaufuata ndani ya duara akiamini umebeba dhahabu. Huu ni ukanda wa Lupa, na watu wamekuwa wakiupekua tangu miaka ya 1920. Jiwe likikubali, nyundo na tindo vinatosha. Likikataa, inaletwa baruti, watu wanasogea pembeni, ardhi inatikisika, halafu kazi inaendelea kuelekea karasha.

Sasa safiri zaidi ya kilomita mia nane kuelekea mashariki mpaka Kilwa, Mafia au Mtwara, uwaulize wavuvi mwamba ni nini. Watakuonyesha majini. Kwao mwamba ni pale maji yanapobadilika rangi, pale changu, chewa na pono wanapopatikana. Neno ni lilelile, kitu ni kingine kabisa, kwa sababu mwamba wa huko una uhai. Na huko nako, kwa zaidi ya nusu karne, mwamba umepigwa baruti. Sehemu ya baruti hiyo ilitengenezwa ili ivunje mawe ya bara, kama haya ya kwenu.

Ndiyo maana naomba unisikilize hata kama hujawahi kuonja maji ya chumvi. Historia ya kijisamaki cha kwenye matumbawe inapita migodini pia.

Tuanze na kijisamaki chenyewe. Pwani kuna vitatange, vijisamaki bapa vyenye rangi za kuvutia na michirizi, vingi havizidi kiganja cha mkono. Mvuvi hana haja navyo sana. Akimpata kwenye dema anamrudisha au anampa mtoto. Karibu yao kuna vingine vidogo zaidi, vingi vya njano, buluu au vyeupe na vyeusi, vinavyoning'inia juu ya tumbawe kama vumbi kwenye mwale wa jua. Ukisogeza mkono, wote wanaingia ndani ya matawi ya tumbawe kwa pamoja. Ukitulia, wanatoka tena.

Tumbawe lenyewe watu wengi wanadhani ni jiwe, wengine wanadhani ni mmea. Ni mnyama, au tuseme kijiji cha wanyama. Kila mmoja ni kidogo, ana mdomo na mikono midogo ya kunasia chakula, na anajijengea nyumba ya chokaa chini yake. Ndani ya mwili wake wanaishi mwani wadogo mno wanaotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenye nyumba. Akifa, chokaa inabaki, na wengine wanajenga juu yake. Yapo matumbawe yenye matawi yanayokua haraka, na yapo yale makubwa ya mviringo yanayoongezeka takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo ukikuta moja lenye urefu wa mtu mzima, jua kwamba lilianza kabla ya babu yako kuzaliwa.

Watu wa pwani walilijua jiwe hili mapema kuliko mwanasayansi yeyote. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Gedi, nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja: yote hayo ni matumbawe. Sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, lakini kwa kazi za nakshi mafundi walikata matumbawe mabichi kutoka baharini, kwa kuwa yakiwa mabichi ni laini na yakikauka yanakuwa magumu. Mengine yalichomwa kwenye tanuri yakawa chokaa. Kwa hiyo nisikudanganye kwamba zamani mwamba haukuguswa. Uliguswa, kwa shoka na kwa mkono, kwa mwendo ambao mkono unaweza.

Kuandikwa kwa samaki hawa kwenye vitabu ni jambo la karibuni zaidi. Katika miaka ya 1762 na 1763, Pehr Forsskål, aliyekuwa kwenye msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu. Alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775 na mwenzake aliyepona, Carsten Niebuhr. Forsskål alikuwa na tabia moja ninayoipenda: aliwasikiliza watu wa pale. Ndiyo maana mpaka leo kundi moja la vijisamaki vya kwenye matumbawe, ambavyo pia wanajaa kwenye pwani yetu, linaitwa kisayansi Abudefduf. Hiyo "Abu" unayoiona ni Kiarabu kabisa, imekaa katikati ya majina ya Kilatini bila aibu.

Miaka mia moja baadaye zamu ikafika Zanzibar. Robert Lambert Playfair, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza mjini Unguja wakati wa Sultani Majid, alikusanya samaki na kuwapeleka London. Huko Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliwachambua pamoja naye, na mwaka 1866 wakatoa kitabu kiitwacho The Fishes of Zanzibar. Ni kazi kubwa na ya maana. Ila fikiria inavyofanyika: Playfair ni ofisa wa serikali, na anategemea samaki wanaovuliwa na watu wengine kwa ndoano, nyavu na madema. Hivyo sayansi ya wakati ule ilimwona samaki yule tu ambaye mvuvi angeweza kumtoa majini. Kijisamaki cha sentimita 5 kinachojificha ndani ya tundu hakishiki ndoano, na kwenye tundu la dema anapita kama mtu anayetoka mlangoni.

Hapo ndipo baruti inapoingia kwenye historia hii, na huenda si kwa mlango uliotarajia.

James Leonard Brierley Smith alikuwa mwalimu wa kemia Grahamstown, Afrika Kusini, aliyehamia kwenye samaki kwa mapenzi. Dunia inamjua kwa sababu ya silakanti, yule samaki mkubwa aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria, ambaye Smith alimpa jina mwaka 1939. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa kuorodhesha samaki wa kawaida wa upande wetu wa Bahari ya Hindi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yeye na mkewe Margaret, ambaye pia alichora picha nyingi za samaki hao, walizunguka pwani za Msumbiji, Zanzibar, Pemba na Kenya. Na ili kuwatoa wale wadogo waliojificha ndani ya matumbawe, Smith alitumia baruti.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Vijisamaki vingi vya miamba ya Afrika Mashariki vimeingia kwenye vitabu baada ya mlipuko. Samaki wa aina hii ana kibofu cha hewa ndani ya mwili kinachomsaidia kuelea bila kuzama wala kupanda. Maji hayabonyei kama hewa, kwa hiyo wimbi la mlipuko linapita ndani yake kwa nguvu zote, na linapokutana na kile kibofu linakipasua. Samaki anakufa hata kama hakuguswa na kitu. Mkusanyaji anachotakiwa kufanya ni kuokota.

Rahisi kumlaumu Smith leo. Mimi nadhani lawama peke yake haifundishi kitu. Alikuwa mtu wa wakati ambao mwamba ulionekana hauna mwisho, na bila orodha yake tusingekuwa na kipimo cha kujua kilichopotea baadaye. Lakini ni lazima pia tuliseme hili: njia aliyotumia msomi kumjua samaki na njia aliyokuja kutumia mvuvi haramu ni moja. Tofauti ni idadi ya milipuko.

(Kwa pembeni kidogo: ni katika safari hizo hizo, mwaka 1952 mjini Zanzibar, ambapo Eric Hunt, nahodha mfanyabiashara, alikutana na akina Smith na kuchukua vikaratasi vyao vya kutangaza zawadi ya pauni 100 kwa atakayepata silakanti mwingine. Desemba mwaka huohuo mvuvi wa Komoro, Ahamadi Abdallah, akamvua mmoja. Kwa ndoano, si kwa baruti.)

Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa baruti ulikuwa umeshajulikana kwenye pwani ya Tanzania. Hesabu yake kwa mvuvi ni nyepesi. Nyavu nzuri ni ghali, zinachanika, zinaibwa. Tambi moja na chupa moja vinaweza kutoa kwa dakika tano samaki wa siku nzima. Malighafi ilichepuka kutoka migodini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye ujenzi wa barabara, kokote ambako jiwe lilikuwa likivunjwa kihalali na stoo ilikuwa na mlinzi anayeongeka. Nyingine ilitengenezwa vichochoroni kwa mbolea ya chumvichumvi, ileile ambayo mkulima wa mahindi wa Songwe anaisubiri kwa hamu kabla ya msimu. Angalia vitu viwili hivyo: baruti ya mgodini na mbolea ya shambani. Vyote ni vitu vya bara, vyote vina kazi halali, na vyote vilishuka barabara mpaka baharini.

Walengwa wa mlipuko ni samaki wanaotembea kwa makundi na wenye soko. Vijisamaki vya matumbawe havilengwi, vinakufa tu kwa kuwa viko nyumbani. Wengi wa waliouawa hata hawaokotwi, maana kibofu kikishapasuka samaki huzama badala ya kuelea. Mpasuaji mzoefu sokoni anamjua samaki wa baruti: nje yuko mzima na anang'aa, ukimfungua ndani damu imevia na mifupa imeachana na nyama.

Lakini hasara kubwa ni ile isiyofika sokoni. Mlipuko mmoja unageuza matumbawe yenye matawi kuwa kokoto. Na kokoto za baharini hazitulii, kila mkondo unazisukuma, zinagongana na kusagana. Tumbawe changa likidondoka juu yake na kuanza kujenga, linapinduliwa na kusagwa kabla halijakaza. Watafiti waliofuatilia maeneo yaliyolipuliwa huko Komodo, Indonesia, waliona kwamba miaka inapita na uwanja wa kokoto unabaki uwanja wa kokoto. Mchimbaji wa Mbangala anaelewa hili haraka kuliko mtu wa mjini: ukishalipua mwamba haurudi kuwa mwamba. Kwake ndiyo faida yenyewe. Kwa kitatange ndiyo mwisho wa ukoo.

Sheria haikuchelewa. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na ukakatazwa tena kwenye ile ya 2003. Katikati ya sheria hizo mbili, baruti ililia. Mwaka 1996, kwenye pwani ya kusini, ilihesabiwa zaidi ya milipuko 400 ndani ya miezi miwili tu. Waliochoka wa kwanza hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wavuvi wa kusini wenyewe, waliokuwa wakiona wenzao wachache wakila urithi wa wote, na wakijua kwamba anayetoa taarifa leo kesho anaweza kukuta chombo chake kimechomwa. Wakaungana, umoja wao ukaitwa Shirikisho, wakapiga kelele mpaka zikafika juu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikafanyika operesheni iliyoshirikisha Jeshi la Wanamaji, na baruti ikanyamaza. Kwa muda. Operesheni ilipopoa, milipuko ikarudi.

Kwa wakati huohuo mwamba ulikuwa na maadui wengine. Mwaka 1998 joto la El Niño liliwafukuza wale mwani wanaoishi ndani ya matumbawe, matumbawe yakapauka kuwa meupe, na sehemu nyingi za Bahari ya Hindi magharibi yakafa kwa wingi. Lakini zipo sehemu zilizolindwa. Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar, mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikafuata mwaka 1995. Ukitaka kujua mwamba wa Tanzania unavyopaswa kuwa, anzia huko.

Swali lililobaki lilikuwa la kipimo. Watu wa pwani walisema baruti inalia kila siku, maofisa wengine walisema watu wanatia chumvi. Machi na Aprili 2015, watafiti walipita na chombo kwenye pwani yote, kutoka upande wa Kenya mpaka upande wa Msumbiji, wakivuta nyuma yao vinasa sauti vya majini. Walithibitisha milipuko 318. Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, na kuna mahali ilikaribia kufika milipuko 10 kwa saa. Yaani si vijiji vya mbali visivyofikika. Ilikuwa pua na mdomo na jiji lililokuwa na wizara wakati huo, pamoja na bandari na polisi. Ubishi ukaisha.

Mwaka huohuo kiliundwa kikosi kilichounganisha vyombo mbalimbali vya serikali. Nadhani hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli, kwa sababu fikra yenyewe ilibadilika. Kabla ya hapo, kesi ya baruti ilikuwa kesi ya uvuvi, na anayekamatwa ni kijana mwenye mtumbwi. Sasa swali likawa: baruti imetoka wapi? Nani aliinunua kwa kibali, nani aliisafirisha, imepungua stoo ya nani? Ukiuliza hivyo, upelelezi hauishii ufukweni, unapanda barabara kuelekea bara. Baada ya mwaka 2016 milipuko ikapungua sana. Haikuisha kabisa, lakini wanaosikiliza chini ya maji walipata siku nyingi za ukimya ambazo hawakuzizoea.

Mwaka 2019, Zanzibar ikatoa habari nyingine kabisa. Jarida la ZooKeys lilichapisha maelezo ya kijisamaki kipya kutoka upande wa mashariki wa Unguja. Mwandishi wa kwanza alikuwa Yi-Kai Tea wa Chuo Kikuu cha Sydney, akiwa na wenzake wa California Academy of Sciences, akiwemo Luiz Rocha. Ni kijisamaki kidogo, mwenye rangi ya zambarau yenye michoro kama mnyororo, anayeishi kwenye miamba ya kati ya mita 50 na 80 chini. Walimwita Cirrhilabrus wakanda, kwa nchi ya kubuni iliyo kwenye filamu ya Black Panther. Jamaa zake wa kundi hilo hula viumbe wadogo wanaopita na maji, na jike mkubwa anaweza kugeuka kuwa dume.

Wakanda! Nilicheka nilipolisoma. Waliolichagua walikuwa na nia njema, walitaka jina la nchi ya Afrika iliyofichika na tajiri. Lakini Forsskål, miaka 250 kabla yao, alichukua jina kutoka kinywani mwa watu wa pwani aliyosimama. Unguja nayo haina uhaba wa majina.

Jingine la kuangalia ni jinsi alivyopatikana. Mpiga mbizi wa kawaida wa burudani anaishia kama mita 40. Hawa walishuka kwa mitambo inayosafisha hewa anayotoa mtu na kumrudishia avute tena, ikiwa na mchanganyiko maalumu wa gesi, na kupanda kwao juu kunachukua saa kadhaa ili miili isidhurike. Wakamkamata samaki akiwa hai. Hakuna jiwe lililovunjika. Maelezo yao yalitegemea sampuli tano tu: nne za Zanzibar, na ya tano ilitoka kwenye tanki la samaki wa mapambo, bila taarifa ya alikovuliwa. Maana yake kijisamaki hiki kilishapita kwenye biashara na kuuzwa kabla sayansi haijakipa jina.

Usije ukadhani kwamba huko chini ndiko kwa kukimbilia. Mwaka 2018 Rocha na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science kwamba miamba ya kina kirefu ina samaki wake tofauti, na kwamba nayo inaguswa na joto, nyavu na takataka. Kitatange wa mita 5 akipoteza nyumba hahamii mita 70.

Basi anayepotea anarudishwaje? Samaki wengi wa miamba huanza maisha mbali na mwamba. Mayai au vitoto vyao huchukuliwa na mkondo, vinaelea bahari kuu kwa wiki kadhaa, vikiwa vidogo na vya kuona mpaka upande wa pili. Halafu vinatafuta nyumbani, kwa harufu na kwa sauti. Mwamba wenye afya una kelele nyingi: kamba wadogo wanaalika kama mafuta kwenye kikaango, samaki wanaguna na kugonga. Uwanja wa kokoto uko kimya, na kitoto kinachopita juu yake hakina sababu ya kusimama.

Huko Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti waliweka spika chini ya maji kwenye vifusi vya matumbawe yaliyokufa, wakapiga sauti ya mwamba wenye afya kwa wiki sita. Samaki waliokuja kukaa pale walikuwa mara mbili ya waliokuja kwenye vifusi visivyo na sauti. Spika haioteshi tumbawe, na kokoto za Mtwara zitahitaji kwanza kitu kigumu cha kuzishika zisitembee. Lakini vinasa sauti vilevile vilivyotumika kuhesabu milipuko 318 vinaweza kuachwa majini vikasikiliza jambo lingine: kama wale kamba wameanza tena kualika.